Tumbo Kubwa Si Ushahidi: Kutambua Mimba ya Mbwa na Paka

Sanduku lilikuwa tayari. Tulilitandika kanga mbili zilizochakaa, tukaliweka stoo pasipo na pilikapilika, na watoto wa nyumbani wakaanza kubishania majina. Nyota, mbwa wetu wa miaka sita, alikuwa amepandwa mwishoni mwa Mei. Ilipofika katikati ya Julai tumbo lilikuwa limejaa, chuchu zimevimba, chakula anakinusa tu na kukiacha, na maji anakunywa kupita kiasi. Kila aliyepita getini alisema huyo ni wa leo kesho. Hakuwa na mimba.

Nitarudi kwa Nyota. Kwanza nataka kueleza kwa nini kosa kama letu ni rahisi kulifanya, maana tangu siku ile nimeulizwa swali hilohilo na majirani wengi: nitajuaje kama mbwa wangu, au paka wangu, ana mimba? Wengi hutarajia orodha ya dalili. Dalili zipo, lakini kwa mbwa hasa, karibu kila moja inaweza kutokea bila mimba yoyote. Na kinachotupotosha zaidi ni kuwapima wanyama hawa kwa yale tunayoyajua kuhusu mwili wa binadamu.

Anza na damu. Kwa mwanamke, damu ya mwezi huleta habari kwamba mimba haikushika. Kwa mbwa ni kinyume kabisa: damu ndiyo inayopiga hodi kabla ya siku za kushika mimba. Mbwa jike akiingia kwenye joto, uke huvimba na damu huanza kudondoka, na kwa siku kama tisa hivi madume humfuata lakini yeye huwafukuza. Kisha damu hupauka, huwa kama maji ya waridi, na hapo ndipo anapoanza kusimama na kuuweka mkia pembeni. Siku hizi za pili, nazo kama tisa kwa wastani, ndizo za hatari. Nimeona nyumba nyingi zikimfungia mbwa wakati wa damu kwa uangalifu mkubwa, kisha zikamfungulia damu inapopungua kwa kuamini kuwa mambo yamekwisha. Wamemfungulia siku ileile ambayo angepaswa kuwa ndani. Ukitaka kuwa salama, mfungie wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, na usimwachie mpaka uvimbe wa uke uwe umerudi kawaida.

Tena si kila damu ni ya joto. Mbwa wanaozurura na kupandana ovyo mitaani huambukizana uvimbe wa sehemu za siri, ambao chembe zake zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Huyo huweza kudondosha damu kidogokidogo kwa wiki nyingi, na mwenye mbwa akadhani ni joto lisiloisha. Daktari akiuona mapema hutibika vizuri kwa sindano za vinkristini.

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Baada ya yai kutoka, ile sehemu ya ovari lilikotokea hugeuka kiwanda cha homoni iitwayo projesteroni, ambayo ndiyo mlinzi wa mimba. Kwa mwanamke, mimba isiposhika kiwanda hicho hufungwa baada ya wiki mbili hivi. Kwa mbwa hakifungwi. Huendelea kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au hajapandwa, awe ana watoto tumboni au hana. Yaani kila mbwa jike ambaye hajafungwa uzazi hupitia, baada ya kila joto, kipindi ambacho homoni zake zinafanana sana na za mbwa mwenye mimba. Basi chuchu hukua. Anaweza kunenepa kidogo na kuwa mpole kuliko kawaida. Miezi miwili ikikaribia kwisha projesteroni hushuka, na homoni ya maziwa, prolaktini, hupanda. Hapo baadhi yao huanza kuchimba mashimo chini ya migomba, kubeba kiatu au mdoli na kuukumbatia, kumzuia mtu asisogelee kona yao, hata kutoa maziwa. Hii ndiyo mimba ya uongo. Si ugonjwa wa akili wala mbwa hajidanganyi. Mwili wake unafanya ulivyoumbwa kufanya. Kwa wengi hupita yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Kumkamua maziwa kwa huruma kunazidisha tu, kwa sababu kila unapoyatoa unauambia mwili uendelee kutengeneza.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini kipimo cha damu cha projesteroni hakiwezi kukuambia kama mbwa ana mimba. Kitakuambia tu kwamba yai lilitoka. Na kile kijiti cha mkojo cha duka la dawa, ambacho watu wengi wamenionyesha kwa matumaini, hakina kazi hapa hata kidogo. Kinatafuta homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma la binadamu. Mbwa hana homoni hiyo, paka hana, kwa hiyo mstari usipotokea hujaambiwa chochote.

Kuhesabu siku

Ushahidi wa kwanza wenye thamani ni tarehe. Andika siku ya kwanza ya damu, andika kila siku uliyomwona amepandwa au amenasana na dume, uiweke kwenye simu au ukutani. Mimba ya mbwa ni siku 63 kuanzia yai lilipotoka, na hapo tofauti ni ya siku moja mbili tu. Lakini wewe hukuliona yai likitoka, uliona kupandwa. Mbegu za dume huweza kuishi ndani ya jike karibu wiki nzima zikisubiri, na yai lenyewe hutoka bichi, likahitaji siku mbili hivi kukomaa. Ndiyo maana ukihesabu kutoka siku ya kupandwa, kuzaa kunaweza kuangukia popote kati ya siku ya 57 na ya 72, na watu hubaki wakisema mbwa huyu kachelewa, yule kawahi, ilhali wote wamezaa kwa wakati wao.

Tuseme alipandwa tarehe 11 Machi na tena tarehe 15. Siku ya mapema kabisa ya kumtarajia ni tarehe 7 Mei, ya mwisho ni tarehe 26 Mei. Kama yai lilitoka tarehe 13 Machi, atazaa karibu na tarehe 15 Mei. Kuanzia katikati ya Aprili, siku thelathini baada ya kupandwa mara ya mwisho, daktari anaweza kukupa jibu la uhakika. Kabla ya hapo, hata daktari mzuri anaweza kukosea, na asiyekubali hilo usimwamini.

Ndani ya tumbo mambo huenda polepole mwanzoni. Vijusi havijishikizi kwenye mji wa mimba mpaka wiki ya tatu, kwa hiyo hadi siku ya 20 hakuna cha kuonekana wala cha kupapaswa. Wiki ya nne baadhi ya majike hukataa chakula siku chache au kutapika kidogo asubuhi. Karibu na mwezi mmoja unaweza kuona ute mweupe mwepesi ukeni, na chuchu, hasa za nyuma, zinakuwa kubwa na nyekundu zaidi. Tumbo halianzi kujionyesha mpaka kama siku ya 40, na kwa mbwa mkubwa mwenye mtoto mmoja au wawili linaweza lisionekane hadi mwisho. Wiki mbili za mwisho, akilala ubavu ametulia, utaona ngozi ya tumbo ikitikisika kwa ndani. Hiyo, tofauti na nyingine zote nilizozitaja, haidanganyi.

Paka ana kanuni zake

Paka hatoki damu wakati wa joto. Akiingia kwenye joto hujisugua kwenye miguu ya watu na kona za makochi, hubingirika sakafuni, huinua kiuno, na usiku hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa. Wageni wa paka hudhani anaumwa. Na jambo kubwa ni hili: kwa kawaida yai la paka halitoki mpaka apandwe. Uume wa dume una vimiba vidogo, na ule ukelele mkali unaousikia juu ya bati saa nane za usiku ni wa wakati dume anapojitoa. Mguso huo hupeleka habari kwenye ubongo wa jike, na yai hutoka baada ya siku moja au mbili. Mara nyingi kupandwa mara moja hakutoshi, ndiyo maana kelele zinaendelea.

Kwa sababu hiyo ukimya wa paka una maana kuliko ukimya wa mbwa. Paka asiyepandwa, akimaliza joto, atarudi kulia baada ya wiki mbili au tatu. Aliyepandwa yai likatoka hunyamaza. Kama yai halikutungwa, ukimya hudumu siku 40 hivi kisha kelele zinaanza upya. Hiyo ndiyo mimba ya uongo ya paka, na mara nyingi haina dalili nyingine ya kuonekana. Kama wiki saba zimepita, alikuwa nje na madume, na bado hajaita, uwezekano mkubwa ni kwamba amebeba. Wapo wachache ambao huita hata wakiwa na mimba, kwa hiyo usimtangaze mtupu kwa kelele za usiku mmoja.

Dalili ya nje ninayoipenda kwa paka ni chuchu. Kati ya siku ya 15 na ya 20 hubadilika, zinakuwa za waridi, zinasimama, na manyoya yanayozizunguka huonekana kuachia nafasi. Kwa paka wa mimba ya kwanza mabadiliko hayo ni wazi sana. Kwa aliyekwisha kuzaa mara kadhaa chuchu ni kubwa siku zote na unaweza usione tofauti. Tumbo huanza kuonekana wiki ya tano, na mimba huchukua siku 63 hadi 67 kwa wengi.

Kuna jambo la mahali tunapoishi ambalo vitabu vya Ulaya havitusaidii. Paka huongozwa na urefu wa mchana. Kule ambako Desemba ina mchana mfupi, majike hupumzika miezi kadhaa. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mchana hauondoki mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima, na paka wetu hawana msimu wa kupumzika. Jike wa miezi minne au mitano anaweza kuwa ameshabeba wakati wewe bado unamwita mtoto. Na mama anaweza kuingia joto tena wiki chache baada ya kuzaa, bado ananyonyesha. Uzao mmoja pia huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, kwa paka na kwa mbwa, kwa hiyo usishangae watoto wasiofanana.

Nani atakupa jibu

Daktari wa wanyama mwenye uzoefu anaweza kupapasa tumbo la mbwa kati ya wiki ya tatu na ya tano na kuhisi vivimbe mviringo vilivyopangana. Baadaye majimaji yanaongezeka na vivimbe vinayeyukia ndani ya tumbo, basi fursa imepita. Nakusihi usijaribu mwenyewe. Vidole visivyofundishwa vinaweza kuumiza vijusi, na kama ndani kuna usaha badala ya watoto, kuminya ni kucheza na uhai.

Kipimo bora ni ultrasaundi. Kwa mbwa, kuanzia siku ya 25 hadi 30, na kwa paka mapema kidogo, daktari ataona vijusi na moyo ukidunda. Ukiona moyo ule mdogo kwenye kioo hubaki na swali tena, na daktari anaweza kukuambia pia kama viko hai. Kisichofaa sana ni kuhesabu, maana vijusi hujificha nyuma ya vingine. Kipo pia kipimo cha damu cha rilaksini, homoni inayotoka kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mimba ya uongo haiwezi kukitatiza. Lakini ukikifanya mapema mno kitasema hakuna ilhali ipo. Kliniki nyingi za miji mikubwa zina ultrasaundi siku hizi. Aliye Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, aliye Nairobi ana kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sehemu ambazo madaktari wenyewe hufundishwa.

Tulifanya nini kwa Nyota? Tulisubiri. Siku ya 50 alitapika, tukasema ni mimba. Aliacha kula, tukasema uchungu unakaribia. Tulipompeleka, daktari aliweka kifaa tumboni na kunyamaza muda mrefu. Mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha. Ugonjwa huu huwapata majike wasiofungwa uzazi, hasa wa makamo na wazee, wiki nne hadi nane hivi baada ya joto, yaani wakati uleule ambao mwenye mbwa anasubiri watoto. Projesteroni huunenepesha ukuta wa mji wa mimba na kufunga mlango wake, bakteria waliobaki ndani wanastawi. Mlango ukiwa wazi kidogo utaona usaha ukitoka. Ukiwa umefungwa, kama wa Nyota, huoni kitu zaidi ya tumbo linalokua, kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kutapika na unyonge. Alifanyiwa upasuaji jioni ileile. Hakufika asubuhi. Wiki moja mapema, daktari aliniambia kwa upole nilipomuuliza, angeweza kupona.

Ndiyo maana nalisema hili kwa kila anayenisikiliza: mimba si ugonjwa, na mbwa mwenye mimba hapaswi kuwa mgonjwa. Kichefuchefu cha siku chache wiki ya nne ni sawa. Kiu kali, homa, harufu mbaya ukeni, kulala tu bila nguvu, si mimba mpaka daktari aseme. Matumbo mengine makubwa yana asili nyingine: minyoo kwa wadogo, maji yanayojaa kwa sababu ya moyo au ini, na kwa paka wachanga, kirusi cha korona cha paka kinachoweza kujaza maji tumboni. Paka mchanga anaweza pia kuvimba matiti yote ghafla, makubwa kama machungwa, baada ya joto au baada ya kuchomwa sindano ya kuzuia mimba. Watu humpelekea chakula cha ziada wakidhani ananyonyesha.

Hizo sindano zinastahili neno lake. Baadhi ya maduka ya dawa za mifugo huuza, na wapo wanaotumia depo ya binadamu. Homoni iliyomo ni ndugu wa projesteroni, kwa hiyo inaongeza hatari ya usaha uliomuua Nyota. Akichomwa ambaye tayari amebeba, kuzaa kunaweza kukwama na watoto wakafia ndani. Kama mbwa amepandwa na hutaki watoto, nenda kwa daktari mapema umweleze. Kuna njia salama, na kumfunga uzazi kwa upasuaji ni mojawapo.

Akithibitishwa kuwa na mimba, mwambie hivyo kila atakayempa dawa. Doksisaiklini, ambayo mbwa wetu hupewa sana kwa homa ya kupe, huweza kuharibu meno na mifupa ya watoto. Albendazo na griseofulvini ya mapunye zinaweza kuwalemaza. Chakula usikiongeze mwezi wa kwanza. Kiongeze taratibu kuanzia wiki ya tano au sita kwa mbwa, na usimpe vidonge vya kalsiamu kwa nia njema, kwa sababu vinaulegeza uwezo wa mwili wake kutoa kalsiamu kwenye mifupa, na maziwa yakianza kutoka anaweza kupata degedege.

Halafu fanya jambo moja ambalo wengi huliona la anasa: baada ya siku ya 55, mpige eksirei. Mifupa ya watoto huwa imekomaa, na daktari anaweza kuhesabu vichwa na uti wa mgongo. Usiku wa kuzaa, mbwa akiwa ameshatoa watano na amelala amechoka, idadi hiyo ndiyo itakayokuambia kama ulale au umwamshe daktari kwa sababu wa sita bado yumo ndani.